Gole la kuku linajaa tena kila baada ya siku chache

Mfuga Mmoja
Wakuu, nina kuku jike wa miaka 3, kilo 1.9, wa kufuga nyumbani tu. Mwanzo gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, lilikuwa gumu kama mpira, sasa lina majimaji na mdomo unanuka uchachu. Nampa mafuta, namkanda, namwinamisha atapike. Linashuka siku nne kisha linajaa tena. Amepewa tetrasaikilini (antibayotiki) ya unga siku 5 na piperazini ya minyoo. Anakula mahindi mazima na majani ya uani. Nifanyeje?

Banda la Nyuma
Kwanza acha kumwinamisha. Maji ya gole yakiingia kwenye njia ya hewa, kuku anakufa mikononi mwako. Na gole la majimaji halikandwi kwa nguvu, kwa sababu hiyohiyo.

Pima hivi: jioni ondoa chakula, maji yabaki. Alfajiri papasa kifuani, upande wa kulia. Gole lenye afya huwa tupu. Likiwa gumu, kuna kitu kimeziba, mara nyingi majani marefu au uzi wa kiroba. Likiwa laini na linanuka, chakula kimelala humo na fangasi aina ya Candida wamestawi. Likining'inia hata baada ya kushuka, misuli imeshalegea. Wako ameanzia la kwanza akafika la pili, na tetrasaikilini imechangia: inaua bakteria wanaowazuia fangasi wasienee.

Dawa ni nistatini ya maji, ile ya utandu wa mdomoni kwa watoto. Kwa ndege hutumika yuniti 100,000 hadi 300,000 kwa kila kilo, mara 2 kwa siku, siku 7 hadi 14. Chupa ikiwa na yuniti 100,000 kwa mililita, wako anaanzia mililita 2. Akihitaji zaidi, daktari wa mifugo ndiye aamue. Dondoshea pembeni ya mdomo kidogokidogo, ameze kwanza ndipo uongeze. Mpe kabla ya kula, maana dawa hii hufanya kazi pale inapogusa tu. Usiikatize harufu ikiisha siku ya tatu; hapo ndipo wengi wanapokosea.

Mama Vifaranga
Nakazia chakula, maana dawa peke yake haitamponya. Mzuie kula kwa muda wa saa 12, maji yawepo. Kisha mashi ya kuku wa mayai iliyolowekwa iwe kama uji mzito, vijiko 2 vya chakula mara 4 kwa siku, na umalizie mapema jioni. Mahindi mazima, mkate, ugali na majani marefu acha kabisa. Majani yakirudi, katakata yawe mafupi kuliko kucha.

Gole likishaanza kushuka, mwekee changarawe ngumu za milimita 2 hadi 4 kwenye kikopo chake. Maganda ya konokono au chokaa hayachukui nafasi yake: yanayeyuka tumboni, hayasagi chochote kwenye firigisi.

Mfuga Mmoja
Asante sana. Na likirudi tena baada ya haya yote?

Banda la Nyuma
Basi kuna chanzo kingine. Minyoo ya gole, Capillaria, haifi kwa piperazini, ambayo inalenga minyoo mikubwa ya utumbo. Peleka kinyesi kipimwe, kisha uulize kuhusu fenbendazo, dawa nyingine ya minyoo. Mwangalie mdomoni: utando wa njano unaonata unaweza kuwa ugonjwa mwingine wenye dawa yake. Mguu ukilegea, fikiria Marek, ugonjwa wa virusi ambao hudhuru pia mishipa ya fahamu inayoendesha gole. Firigisi iliyoziba nayo hurudisha chakula nyuma.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni. Akishuka chini ya kilo 1.7, au mfupa wa kidari ukichongoka, usingoje. Daktari anaweza kulifungua gole kwa ganzi, akatoa kilichoziba na kushona gole na ngozi kila kimoja peke yake. Usijaribu hilo nyumbani kwa wembe.

Mama Vifaranga
Likibaki linaning'inia, kuna kitambaa cha kulibeba, kinafungwa nyuma ya mabawa. Kidole kipite chini yake bila shida: kuku anapumua kwa kuinua kidari, ukikaza atakosa hewa. Na mayai yaliyotagwa tangu siku ya kwanza ya tetrasaikilini hadi muda ulioandikwa kwenye pakiti uishe, msile.