Kesi yangu imetupwa kwa SIKU MOJA, halafu mtu anadai hela ya stempu!!

Wakuu, nimetoka kuongea naye sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yule "mtaalamu wa kodi" wetu wa hapa Marekani, kila msiba yupo mbele anagawa kadi zake.

Nililetewa barua ya kudaiwa kodi ya nyongeza. Una siku 90 za kufungua kesi Mahakama ya Kodi kule Washington, tangu barua ilipopostiwa, si ulipoipokea. Tarehe ya mwisho imeandikwa ukurasa wa kwanza, hata kuku angeiona! Nikampa makaratasi zikiwa zimebaki wiki sita, na dola 60 za ada juu.

Wiki sita kayalalia. Siku ya 90, saa mbili usiku, kaprinti lebo ya stempu kwake, kaitumbukiza bahasha kwenye boksi la barabarani, kaenda zake nyama choma. Posta wameigonga mhuri kesho yake. Siku ya 91. Leo imekuja amri: kesi nje, hata haikusikilizwa.

Nampigia, ananijibu: "Dada, usisahau hela yangu ya stempu."

YA STEMPU!

Eti lebo yake ina tarehe sahihi. Mhuri wa posta ukiwepo, tarehe yake ndiyo inayohesabika, lebo ya nyumbani ni pambo! Halafu stempu, jamani. Stempu!

Mzee wa Busara: Wiki sita nawe hukumuuliza? Tangu 2020 unafungua mwenyewe mtandaoni.

Kipanga: Mtandaoni nako uangalie saa. Kuna mtu na mkewe Alabama walituma saa tano na dakika tano usiku. Washington ilikuwa saa sita na dakika tano, siku nyingine. Wakatupwa nje, 2023.

Mama Kijacho: Ungeenda dirishani posta uitume kwa "certified mail", barua yenye risiti, wakugongee risiti mhuri mbele ya macho yako. Dola chache tu.

Mtoa uzi: Chache kama za STEMPU?

Kipanga: Lipa hiyo kodi kwanza, halafu udai urejeshewe. Wakikataa unashtaki mahakama ya kawaida ya shirikisho.

Mtoa uzi: Nilipe kwa hela ipi, hii ya stempu?

Pwani Raha: Shemeji yangu alipostia Dar siku ya mwisho. Mhuri wa posta ya nje hauokoi. Na alikuwa amepewa siku 150, maana barua ilimfuata huko huko!

Mzee wa Busara: Stempu yenyewe bei gani kwani?

Chakubanga2: Huyo jamaa ana sufuria langu la pilau tangu harusi ya mwaka juzi.

Pwani Raha: Afadhali sufuria. Mimi kanijazia fomu nina watoto watatu. Ninao wawili.

Mama Kijacho: Mkeo anajua kuhusu wa tatu?

Mtoa uzi: Jamani, kesi yangu…

Kipanga: @Chakubanga2 sufuria lina mpini mmoja? Nimeliona kwake Jumamosi.