Kikundi: Ukoo wa Mzee Ramadhani (Bombo na kwingineko)

ALHAMISI

Zaituna (19:42): Asalaam alaykum. Narudia ya jana maana naona mnapita tu. Ami Amisi anakwenda Hija. Kabla hajaondoka anataka kuja kwa Hajati kuomba radhi mbele ya familia. Jumapili hii, baada ya adhuhuri. Nataka majina ya wanaokuja na mchango wa elfu 20 kila nyumba. Namba ni ileile yangu.

Zaituna (20:31): Watu 19 mmesoma. Kumi na tisa!

Abdu (20:33): Kuna mbuzi au chai na mandazi? Nijue kama nije na watoto.

Zaituna (20:33): Abdu, acha.

Abdu (20:34): Nauliza kwa nia njema. Mwenye njaa hasamehi 😂

Mama Salimu (20:34): 😂😂😂

Shemeji Okello (20:36): Mimi nitakuja. Nitaleta odii, ile siagi ya simsim, mama mkwe anaipenda.

Rajabu (20:50): Radhi ya nini hasa? Aandike hapa kwanza.

Zaituna (20:51): Kaka, unajua.

Rajabu (20:52): Mimi najua. Yeye ndiye nataka aseme. Kwenye harusi ya Mariamu alisimama akatuambia "kama kuna niliyemkosea, anisamehe". Kama! Halafu akaagiza soda.

Ustadhi Yunusi (21:04): Ndugu zangu, Hija inafuta dhambi zilizo baina ya mja na Mola wake. Haki za waja hazifutiki hivyo. Deni la mtu linabaki mpaka ulilipe au mwenyewe akuachie. Mzee analijua hilo, ndiyo maana anakuja.

Rajabu (21:06): Basi anakuja kutafuta viza yake ya peponi. Hajati ni mgonga mhuri tu.

Abdu (21:06): Ubalozi uko mtaa gani? Nami nina maombi 😂

Ustadhi Yunusi (21:10): Rajabu, soma Suratun-Nur aya ya 22. Abu Bakr alikuwa akimtunza Mistah, jamaa yake maskini. Mistah akawa miongoni mwa waliosambaza uzushi juu ya Bi Aisha, binti wa huyohuyo anayemlisha. Abu Bakr akaapa hatampa tena kitu. Ikashuka aya: je, hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Akamrudishia matumizi yake.

Rajabu (21:13): Mistah alikuwa na njaa, Ustadhi. Ami Amisi ana nyumba za kupangisha Kawempe.

Mama Salimu (21:14): Astaghfirullah 🙈

Zaituna (21:15): Yaliyopita si ndwele. Jamani, viti. Nani ana mtu wa viti?

Rajabu (21:29): Wewe ulizaliwa ukimbizini Yei, Sudan, Zaituna, hulaumiwi. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 mimi nilikuwa na miaka tisa, juu ya lori, tunaelekea Karuma. Mama aliacha gauni la mteja chini ya sindano ya cherehani. La kijani, mkono mmoja umeshashonwa, mwingine bado una pini. Akasema wiki ijayo tutarudi nilimalizie. Tulirudi 1987, bila Baba. Kwenye kibanja, kipande chetu cha ardhi, tukamkuta mtu anatuonyesha karatasi, chini kuna sahihi ya ami. Haya, kibanja tuseme ni vita. Na cherehani je?

Khamis (21:47): Kaka Rajabu, mimi nimo humu.

Khamis (21:51): Baba alibaki. Walimtafuta nyumba kwa nyumba, akajificha kwa wakwe zake. Alikuwa kijana wa miaka 22. Asingeuza, kibanja kingekwenda bure.

Rajabu (21:52): Kingechukuliwa na mtu baki. Ningelala usingizi.

Mama Salimu (21:53): Samahani, nani ana namba ya fundi bomba? Huku Bwaise jikoni kumekuwa ziwa.

Abdu (21:53): Muulize Nuhu 😂

Shemeji Okello (22:02): Kwetu Acholi hatuanzi na kunywa. Kwenye mato oput mkosaji anakiri kwanza alichofanya, ukoo wake unalipa, ndipo pande mbili zinainama kunywa dawa chungu ya mzizi wa oput kwenye kibuyu kimoja. Tena hiyo ni kwa mtu aliyeuawa. Kibanja sijui tungekunywa nini.

Abdu (22:03): Ndiyo nasema, chai na mandazi.

IJUMAA

Zaituna (09:15): Mpaka sasa waliotuma ni watatu. Banange, watatu! Wengine mnasubiri nini?

Aisha wa Hajati (14:20): Nimemsomea Hajati yote. Amesema niandike kama alivyosema, nisipunguze.

Aisha wa Hajati (14:26): "Amisi nilimsamehe siku niliyosikia amemzika mwanawe. Sikumwambia kwa kuwa hakuniuliza. Kibanja sikitaki, nitalima kwa miguu ipi? Aje. Asije na mbuzi, na nyinyi msinijazie uani kama mnatazama mpira. Aje peke yake, akae mkekani, aniambie cherehani alimpa nani. Lile gauni lilikuwa la watu, na mwenyewe alikuwa ameshatoa nusu ya pesa. Na wewe Rajabu, Khamis ndiye aliyenipeleka kutazamwa jicho, akalala kwenye benchi mpaka asubuhi. Nisisikie."

Rajabu (16:58): Nimesikia, Mama.

Abdu (17:10): Kwa hiyo mbuzi hayupo.

Zaituna (17:12): Abdu!! Sasa nieleweni, nimeshalipia viti hamsini. Nifanyeje?

Khamis (20:40): Nimezungumza na Baba. Jumapili ana semina ya mahujaji, labda Jumatatu. Yale ya kuja peke yake amekubali. Nilipomtajia cherehani alinyamaza.

Zaituna (20:41): Amenyamaza kwa kuwa hakumbuki, au kwa kuwa anakumbuka?

Zaituna (21:20): Khamis?

Rajabu (21:33): Mwache, Zaituna. Khamis, Jumatatu mlete mzee wako kwa teksi mpaka stendi ya Bombo. Mimi nitampokea na boda, nimfikishe mlangoni. Siingii.

Khamis (21:58): 🙏🏾

Swaleh (22:47): Asalaam alaykum familia. Nilikuwa njiani kutoka Juba, simu haikuwa na chaji. Huu mchango ni wa nini?

Zaituna (22:48): Swaleh, panda juu usome. Wengine, Jumatatu mimi niko kazini, na Aisha ana mtihani. Nani atakuwa na Hajati ndani? Nijibuni usiku huu. Na mtu wa viti anasema harudishi pesa.