Mrejesho: njia mbili Chumbageni hadi ghala la Pongwe, sasa zote zinabeba

Wakuu, habari za leo. Niliuliza hapa kwa nini, hapa Tanga, nina njia mbili za 50 Mbps kati ya ofisi na ghala, faiba na redio ya kurusha data hewani, halafu redio imekaa tu kama mgeni wa siku ya kwanza.

Aliyesema nitazame gharama za OSPF (utaratibu ambao ruta, vifaa vya kuelekeza data, hutumia kuchagua njia yenye gharama ndogo), ubarikiwe. Faiba imeingia kwenye poti ya 1000 Mbps, redio kwenye ya 100. Kipimo cha rejea, kile kinachogawanywa kwa kasi ya poti kupata gharama, alishakiweka 1000 fundi aliyenitangulia, kwa hiyo faiba ilikuwa na gharama 1, redio 10. OSPF hugawa mzigo pale tu gharama za njia nzima zinapolingana. Ruta haijui kwamba nyuma ya poti zote mbili mnapita 50 tu.

Nikaipa faiba gharama 10 kwa mkono. Upande wa ofisi pekee, kichwa changu! Kwenda ikagawanyika, kurudi yote ikabaki kwenye faiba. Jioni nikapanda bodaboda hadi Pongwe kumalizia.

Nikajaribu faili moja kubwa: 50 ile ile, nikakaribia kulia. Kumbe ruta huchagua njia kwa anwani za mtumaji na mpokeaji, na mazungumzo kati ya anwani hizo mbili hubaki njia moja ili pakiti, yaani vipande vya data, zisifike shaghalabaghala. Asubuhi watu walipoingia kazini na mazungumzo yakawa mengi, taa za redio zikaanza kumeta.

Mvua kubwa bado haijanyesha. Redio naiangalia kwa jicho la pembeni.