Mafundi, acheni kutuuzia Chromebook zilizopigwa Windows kama laptopu za kawaida!

Wakuu, habari za majukumu.

Huu mchezo sasa umezidi. Kariakoo, Luthuli Avenue kule Nairobi na kwenye magrupu ya WhatsApp kumejaa vilaptopu vya inchi 11.6. Nembo ni ya HP, Lenovo, Acer au Dell, ukiwasha inakuja Windows 10, muuzaji anakwambia "mashine ya Uingereza hii, haina shida". Geuza mfuniko: pale palipokuwa na alama ya Chrome pamekwanguliwa au pamebandikwa stika. Hiyo ni Chromebook ya shule, yaani laptopu iliyotengenezwa kutumia ChromeOS, mfumo wa Google, badala ya Windows. Kila modeli ina tarehe ambayo Google inaacha kuipelekea masasisho, na tarehe ikikaribia shule za nje zinazimwaga kwa mafungu. Ndiyo shehena inayotufikia huku.

Sipingi kupiga Windows kwenye Chromebook. Inawezekana, na zipo zinazotulia kabisa. Napinga kufichwa, halafu kazi yenyewe inafanywa nusunusu.

Chromebook haina BIOS (programu ndogo ya kuwashia mashine, inayokaa kwenye chipu ya ubao) kama ya laptopu nyingine. Google wameweka coreboot iliyopangwa kuwasha ChromeOS basi. Ili Windows ikubali, hiyo inafutwa na kuwekwa UEFI kamili (aina ya BIOS ambayo Windows inaielewa), ile ya MrChromebox, msanidi anayeitoa mtandaoni pamoja na skripti ya kuiweka. Unashika Esc, kitufe cha mshale wa mviringo na cha kuwashia kwa pamoja, kisha Ctrl+D, mashine inafuta kila kitu na kuingia hali ya wasanidi. Ctrl+Alt+F2 (F2 ni ule mshale wa kwenda mbele) inafungua skrini ya kuandika amri, unaingia kwa jina la mtumiaji chronos, unaendesha hiyo skripti. Lakini kabla skripti haijaruhusiwa kuandika chochote lazima uondoe kufuli ya kuandikia. Kwenye mashine za zamani ni skrubu moja tu juu ya ubao. Zenye CR50, chipu ya ulinzi ya Google, unachomoa betri, mashine inaishi kwa chaja peke yake.

Soma hapo tena: chaja peke yake. Umeme ukikatika skripti ikiwa katikati ya kuandika, mashine haiwaki tena, na sote tunajua umeme wetu. UPS ndogo au inveta inatosha kuzuia hilo, lakini fundi gani anajisumbua? Ikishakufa anakwambia "ubao umeungua". Haujaungua! Chipu ya BIOS inaandikwa upya kwa CH341A (kifaa kidogo cha USB cha kuandikia chipu) na kibanio cha miguu minane. Tatizo ni kwamba CH341A inatoa volti 3.3, na Chromebook nyingi (zenye prosesa za Intel za familia za Bay Trail na Braswell, kwa mfano) chipu zake ni za volti 1.8. Bila adapta ya 1.8 katikati, ama haisomeki, ama unaiua kweli sasa. Adapta ni kitu kidogo cha bei ndogo, ila ndicho kinachokosekana kwenye meza nyingi.

Halafu skripti yenyewe inauliza kwa adabu: nihifadhi nakala ya BIOS ya asili kwenye flashi? Watu wanabonyeza N. Jamani! Ile nakala ndiyo yenye namba ya mashine na taarifa zake nyingine za kiwandani. Mteja akitaka kurudi ChromeOS baadaye itabidi achukue BIOS ya jumla kutoka kwenye faili la kurejeshea mfumo, na taarifa zake hazimo humo. Faili ni la megabaiti 8 au 16. Mpe mteja kwenye flashi, kuna hasara gani?

Sauti sasa. Malalamiko ya "spika mbovu" karibu yote si spika. Laptopu ya kawaida inatumia HD Audio, mfumo wa sauti uliozoeleka, Windows inaitambua yenyewe au inaridhika na draiva ya Realtek. Chromebook nyingi zina kodeki (chipu ya sauti) na amplifaya zilizounganishwa kwa I2S, njia tofauti ya kupitisha sauti, Windows haizijui hata kidogo. Kupakua Realtek au kumwaga DriverPack (programu ya kuweka draiva kwa jumla) hakusaidii, kunaongeza takataka tu. Draiva zinazofanya kazi ni za CoolStar, msanidi anayetengeneza draiva za Windows kwa Chromebook, na kwa modeli nyingi za karibuni ya sauti inalipiwa, leseni moja kwa mashine moja. Fundi halipi, anakwambia "tumia Bluetooth". Tachipedi isiyosogea ni hadithi ileile, tofauti ni kwamba draiva yake ni ya bure, kwa hiyo hapo ni uvivu mtupu.

Nafasi: eMMC (chipu ya kuhifadhia inayofanya kazi ya diski) ya GB 16 au 32, imechomelewa kwenye ubao, RAM nayo vilevile. Tangu toleo la 1903, Windows 10 inadai GB 32. Kwa hiyo kwenye GB 16 wanaweka Windows iliyokatwakatwa, sasisho likija halina pa kukaa. Wengine wanachomeka kadi ya memori wanatangaza "GB 144". Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka GB 64, na prosesa za mashine hizi kama Celeron N3060 au N3350 hazimo kwenye orodha yake ya prosesa. Leseni pia hakuna: laptopu iliyotoka na Windows hubeba ufunguo ndani ya BIOS, Chromebook haikupewa, hivyo hiyo "activated" unayoonyeshwa ni ya kuchakachua.

Kabla ya kutoa hela: bonyeza kitufe cha kutafutia pamoja na R, andika msinfo32. Kwenye mstari wa BIOS ukiona MrChromebox au coreboot, umeshajua. Kama muuzaji anakuharakisha na hukuuona mstari huo, tazama kibodi: hakuna Caps Lock, mahali pake kuna alama ya kutafutia, na safu ya juu haina F1 mpaka F12. Kisha fungua Device Manager, sehemu ya diski. Majina kama DF4032 au HBG4a2 ni eMMC, si SSD. Cheza wimbo kwa spika zake zenyewe. Zima, chomoa chaja, washa tena, maana wapo wanaosahau kurudisha waya wa betri.

Na nyie mnaonunua ikiwa bado na ChromeOS mkipanga kupiga Windows wenyewe, ulizeni prosesa kwanza. Lenovo 100e ya kizazi cha pili ipo ya Intel na ipo ya MediaTek MT8173C, kwa sura ni zilezile. Ya MediaTek haipigwi Windows, fundi asikudanganye.

Ukiwa na Acer C720 una bahati kidogo: ina SSD ya M.2 2242 ya SATA, unabadilisha unaweka GB 128. Zilizobaki za GB 16, wekeni Linux nyepesi, yaani Lubuntu au Debian yenye Xfce. Sauti huko nako huwa inahitaji kurekebishwa, lakini bure.

Mliouziwa, wekeni hapa picha ya msinfo32 na jina la modeli lililo chini ya mashine, niwaambie draiva ipi. Funikeni namba ya mashine kwanza.