Naomba ushauri: wimbi kubwa la bahari mnaliitaje huko kwenu?

Habari za jioni wadau. Naandika masomo mafupi ya sayansi kwa watoto wa darasa la sita, nimekwama kwenye mawimbi.

Nikiandika "wimbi kubwa" kila mahali navuruga mambo. Kuna lile la kusi, linalosukumwa na upepo. Kuna bamvua, ambalo si wimbi hata kidogo, ni maji kujaa na kutoka sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Halafu tsunami, mtoto wa tetemeko chini ya bahari. Ile ya tarehe 26 Desemba 2004 ilianzia Sumatra ikaua watu hadi Somalia, na hata Kenya na Tanzania. Neno lenyewe ni la Kijapani, maana yake wimbi la bandarini. Wengine huandika sunami. Nifuate lipi?

Kinachonisumbua zaidi ni hiki: wavuvi wa Pemba, Lamu na Mafia, mnaliitaje wimbi linaloumuka kimyakimya bila kuvunjika, na lile linalopasukia mwambani? Babu yangu alikuwa nahodha, alikuwa na majina yake, nami sikuyaandika. "Mrama" nalijua, ila hilo ni la chombo kuyumba.