Mtoto ana macho ya bluu, mimi na mama yake macho meusi. Naombeni ushauri

Baba Tunu
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome kwa utulivu, matusi mbaki nayo.

Mimi kwetu Tabora, mke wangu kwao Singida, tunaishi Dar. Wote weusi na macho yetu meusi. Binti yetu ana miezi mitano. Alizaliwa na macho ya kijivujivu, nesi akasema watoto wengi huanza hivyo, yatakolea. Hayakukolea. Yamezidi kung'aa, sasa ni bluu kama kifuniko cha chupa ya maji. Ngozi yake nyeusi, nywele nyeusi, ananyonya vizuri na uzito uko sawa.

Shida ilianza mama yangu alipokuja kumwona mjukuu. Alimbeba mpaka mlangoni kwenye mwanga, akamtazama, akamrudisha bila neno. Jioni yake dada zangu wakaanza kunipigia: eti ofisini kwa wifi yao si kuna Wazungu wa mradi? Siku hizi mke wangu akitoka na mtoto anamfunika uso kwa kanga. Sijamwambia kuhusu hizo simu, ila nadhani anajua.

Je, watu weusi wawili wanaweza kuzaa mtoto wa macho ya bluu? Au nikapime DNA yaishe?

Mkali wa Kona
Bluu?? Mkuu hapo hamna uzi. DNA, kisha ulete mrejesho.

Ticha Baiolojia
Kona, tulia kidogo. Baba Tunu, nikupe kwanza lile la darasani. Kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja ya mama na moja ya baba. Kwenye macho, nakala ya rangi nyeusi huifunika ile ya bluu, kwa hiyo bluu ya kawaida hutokea pale mtoto anapoipata pande zote mbili. Sasa ona hesabu ya dada zako inavyogoma: hata baba angekuwa Mzungu mwenye macho ya bluu, angetoa bluu moja tu. Mama angetoa nyeusi, na macho ya mtoto yangetoka kahawia. Wangapi kati ya machotara unaowajua wana macho ya bluu? Na ngozi nayo ingeonyesha.

Kama ninyi wawili mmebeba nakala ya bluu iliyojificha, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne.

Jirani Mbagala
Ticha yuko sahihi kuhusu Mzungu, ila picha hiyo ya nyeusi juu ya bluu ni ya mwaka 1907, enzi za akina Davenport kule Marekani. Siku hizi inajulikana kuwa jeni zinazochangia ni nyingi. Utafiti mmoja wa 2021 uliopima watu karibu 195,000 ulipata sehemu 61 za vinasaba zinazogusa rangi ya macho. Ndiyo maana hata wazazi wawili wa macho ya bluu huweza, mara chache, kupata mtoto wa kahawia.

Kingine ambacho wengi hawakijui: hakuna rangi ya bluu ndani ya jicho la mtu yeyote. Kuna melanini tu. Ikiwa nyingi, jicho ni jeusi au kahawia. Ikikosekana upande wa mbele wa ile duara inayozunguka mboni, mwanga hutawanyika humo na sisi tunaona bluu. Kwa watu wa Ulaya, mwaka 2008 watafiti wa Copenhagen wakiongozwa na Hans Eiberg walionyesha kuwa bluu hiyo inatokana na badiliko dogo kwenye jeni HERC2, ambalo hufanya kama swichi ya jirani yake OCA2, zote kwenye kromosomu ya 15. Wakakadiria chanzo chake ni mtu mmoja, miaka 6,000 hadi 10,000 iliyopita.

Badiliko hilo ni adimu sana kwa watu wasio na damu ya nje. Mtu wa Tabora na mtu wa Singida wote wawili kulibeba, mimi siweki pesa yangu hapo. Sababu itafutwe kwingine, na sisemi mchepuko.

Mama Watatu
Baba, una hakika bluu iko kwenye duara na siyo ukungu juu ya jicho? Jicho likiwa na ukungu, kubwa kuliko kawaida, linatoa machozi na mtoto anakimbia mwanga, hiyo inaweza kuwa presha ya macho. Na ukiona weupe katikati ya mboni, hata kwenye picha ya flashi, usilale, wahi hospitali. Kuna saratani ya macho ya watoto inayoanza hivyo.

Baba Tunu
Jicho ni safi kabisa mama, mboni nyeusi katikati. Duara ndiyo bluu.

Tabibu wa Wilaya
Nina maswali, jibu hata kama yanaonekana hayahusiani:
Kwenye ukoo wowote kati ya hizo mbili kuna kiziwi wa kuzaliwa? Kuna mtu mwenye kishungi cheupe cha nywele mbele, au aliyeota mvi kijana sana? Pembe za ndani za macho ya mke wako zimekaa mbalimbali? Na huyo mtoto mlango ukibamizwa nyuma yake, anashtuka?

Baba Tunu
Dah. Tabibu umenikalisha chini.

Mke wangu anapaka kanta tangu tumefahamiana. Mvi zake ziko hapo mbele tu, anasema ni za kwao. Mjomba wake, kaka wa mama yake, ni kiziwi tangu utoto na ana huo weupe wa nywele. Macho ya mke wangu ndiyo, yameachana pale kwenye pua, mimi niliyapendea hayo. Mlango sijui, kwetu kuna kelele muda wote. Anacheka akituona.

Tabibu wa Wilaya
Akiwaona. Basi sikiliza, na sikupimi kwa simu, nakupa cha kwenda kuuliza. Kuna hali inaitwa sindromu ya Waardenburg, kwa jina la daktari wa macho wa Uholanzi aliyeieleza mwaka 1951. Mtoto akiwa tumboni, seli za kutengeneza melanini huanzia mgongoni na kusafiri kwenda kwenye ngozi, nywele, macho na sikio la ndani. Kwa watu hawa baadhi hazifiki. Zisipofika kwenye jicho, linakuwa bluu ing'aayo, moja au yote mawili. Zisipofika kwenye nywele za mbele, kunakuwa na kishungi cheupe. Na sikioni zinahitajika kweli, bila hizo sikio halifanyi kazi.

Kwa aina zilizo za kawaida, nakala moja tu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha, kwa hiyo kila mtoto ana nusu kwa nusu. Na katika familia moja kila mtu hubeba sura yake: mama mvi na macho yaliyoachana, mjomba uziwi, mtoto bluu. Mama anaweza kuwa nayo na masikio yake yakawa mazima.

Macho ya bluu yenyewe siyo ugonjwa, msiyatafutie dawa. Haraka iko kwenye masikio. Mtoto aliye na uziwi anatakiwa aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita, na wako ana mitano.

Dada wa Kinondoni
Na huyo mama anayemfunika mtoto kanga kwenye joto la Dar, nani kamwomba radhi? Zungumza na mkeo kabla ya kupima chochote.

Wakili Mtaani
Kuhusu DNA: ipo sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali haikupimi kwa kujiendea tu, ombi hupitia mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Ukifungua faili hilo, mkeo atakuwa wa kwanza kujua. Kwa uliyoeleza hapa, mimi ningeiacha.

Mkali wa Kona
Mimi nafuta la kwangu.

Baba Tunu
Nimeongea naye jana usiku. Simu za dada zangu alizisikia zote, ukuta wetu ni mwembamba. Amelia, halafu kanionyesha picha ya huyo mjomba akiwa kijana. Jumatatu tunaenda Muhimbili. Nimchukue na mama yangu?

Tabibu wa Wilaya
Mchukue, tena na hiyo picha. Waambieni mnataka kipimo cha kusikia cha mtoto mchanga. Kinafanywa akiwa amelala, hakina sindano, kwa hiyo asilale njiani; mnyonyesheni mkishafika. Kama kinaonyesha hasikii, ulizeni kuhusu mashine za kusikia na kipandikizi cha sikio la ndani, Muhimbili wanakipandikiza tangu 2017. Mkeo naye apimwe masikio siku hiyo hiyo.