Mrejesho: maji ya bomba yenye tope, Lindi mjini

Wakuu, habari za jioni. Niliuliza humu tufanyeje na maji ya bomba mtaani kwetu: yanatoka kwa mgawo, na mvua zikishika yanakuja na tope. Asanteni wote, hasa mama wa Masasi aliyeniambia nijaribu mbegu za mlonge. Nimejaribu, zinafanya kazi.

Mbegu ziwe kavu. Unazimenya, unatwanga kokwa nyeupe mpaka ziwe unga laini, unakoroga na maji safi kidogo, unachuja kwa kitambaa, kisha unamimina ule uji mweupe kwenye ndoo. Koroga kwa nguvu dakika moja hivi, halafu taratibu kwa muda, uiache itulie. Ukirudi baada ya saa moja au mbili, tope limelala chini. Bado nachemsha, maana mlonge hauui vijidudu vyote. Na maji hayo usiyalaze siku nyingi, yanaanza kunuka.

Mfereji wa kukinga maji ya mvua kwenye bati nao nimeuweka. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi naiacha ipite, ina vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tangi nimeuziba kwa chandarua, mbu wasizaliane.

Kwa wahusika tuliomba jambo moja tu, ratiba ya mgawo. Hatujapewa. Inaniuma kuona bibi zetu wakiamka saa nane usiku kukinga maji wanayoyalipia bili. Mwenyekiti wa mtaa ameshaandika barua, wiki hii tunaipeleka wenyewe.